Msamaha wa Mjane Nilioupoteza Mwenyewe

Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana huu mkasa umeshafika hadi mitaa ya Auburn na Smithfield, na kila unapopita unaongezwa chumvi. Niliumbuka, sikatai, tena mbele ya baba mkwe mtarajiwa.

Kazi yangu mnaijua. Hapa Sydney nasomea uzamivu wa vitabu vya hadithi za Kilatini, vile ambavyo watawa wa Ulaya walivinakili kwa mkono, huyu kutoka kwa yule, kabla ya mashine za kuchapa. Mtawa mmoja akikosea, wote wanaonakili kwake wanabeba kosa lake, kwa hiyo ukiyafuata makosa unajua nani kaangalizia kwa nani (kama mwalimu anavyowakamata waliotazamiana kwenye mtihani). Kazi hiyo naiweza, na nilikuwa najisifu nayo hadi kwenye foleni ya nyama.

Kikwazo kilikuwa Papa Déo, baba wa mchumba wangu Espérance, Mkongo wa Uvira anayeishi Macquarie Fields. "Mon fils, mwanangu," aliniambia, "hii kusoma masimulizi ya watu walikufa, inalishaka mwanamke?" Nikaona dawa ni kumwalika kwenye mhadhara wangu chuoni, maana akiridhika, posa inapita.

Akaja na suti, akakaa mbele kabisa. Nikapanda jukwaani nimejaa kama pishi. Nikawaeleza kwamba katika nakala nyingine zote za hadithi moja, mjane anamsamehe jirani aliyemwibia jogoo, ila katika nakala moja niliyoichunguza mimi msamaha haupo. "Mtawa huyu kauruka kusudi," nikasema, "alikuwa na moyo mgumu!" Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, Papa Déo akatabasamu, nami nikanogewa, nikaona kwa nini nisiwaoneshe picha ya ukurasa wenyewe (hakuna aliyeniomba, jamani, hakuna). Nikaikuza ikajaa ukuta, nikaanza kuwatafsiria mstari kwa mstari huku kidole kikifuata, mara msamaha huu hapa, herufi safi kuliko zote za ukurasa ule.

"Hebu rudia hapo," akasema profesa wangu, kwa upole unaoua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mistari miwili iliyofuatana ilikuwa inaishia na neno jogoo. Nilipokuwa nanakili nyumbani, nilimaliza wa kwanza, Espérance akanitumia ujumbe kuniuliza kuhusu kitenge, nikajibu, jicho liliporudi likatua kwenye jogoo wa pili, na msamaha uliokuwa kati yao ukabaki nje. Na sikurudia kulinganisha, nikijiambia mimi si mtawa wa kusinzia. Pale jukwaani, kwa aibu, nilirudi nyuma, nikakanyaga waya wa projekta, picha ikazimika. (Sikuanguka. Hilo mlishike.)

Kwenye treni nilimsindikiza Papa Déo nikiwa nimeshamzika Espérance moyoni. Tulipokaribia kwao akaniuliza, "Ule mjane, alisamehe kweli?"

"Alisamehe, Papa. Mnyimi wa msamaha nilikuwa mimi."

"Basi na miye nimesamehe. Lete wazee wako."

Tangu hapo nikiwa nanakili simu naizima, hata apige Espérance, na kila ukurasa naulinganisha mara mbili. Ila mkasa wenyewe ulishaanza safari zake, na mimi kwa mazoea nikaufuata: wanaosema nililia wameupata kwa mama mkwe, wanaosema suruali ilichanika wameupata kwa mchungaji wa Auburn.

Siku ya posa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, Papa Déo akasimama akausimulia mwenyewe: nilianguka jukwaani na projekta juu yangu, suruali ikapasuka, nikalia. Nyumba nzima ilikuwa inajifuta machozi ya kicheko. Nikafungua mdomo nisahihishe, maana kusahihisha nakala mbovu ndiyo kazi yangu. Espérance akanikanyaga mguu.

"Si ni vile, beau-fils, mkwe wangu?" akaniuliza mzee.

"Ni vile vile, Papa," nikajibu. "Na suruali ilipasuka mbele na nyuma."