Barua Mbili za Mpiga Chapa

Jumatatu nilikuwa katika ofisi moja ya mjini nikingoja kumwona meneja, mlango wake ukiwa wazi. Mpiga chapa wake, mama wa makamo, alikuwa amesimama mbele ya meza.

“Bwana, karani mpya nimemfundisha kazi mimi, na mshahara wake unazidi wangu. Naomba tulingane.”

“Yule ni mwanamume. Ana familia.”

“Mimi ni mjane, nina watoto wanne.”

Meneja akatazama dirishani. “Piga barua useme ombi limekataliwa. Nitatia sahihi.”

Akaipiga, akaileta, ikatiwa sahihi. “Asante, bwana,” akasema, akarudi kwenye taipureta kupiga barua ya kuacha kazi. Sijui kama ilikuwa busara. Najua makarani wote waliweka kalamu chini wakimsikiliza akiipiga.