Siku Niliyobadilisha Treni ya Baba

Kuna harufu moja ambayo ikinipata popote, hata nikiwa nimevaa nguo za arusi, lazima nisimame. Ni harufu ya bati linalolehemiwa, risasi ikiyeyuka na tindikali ikichoma pua. Wenzangu hukimbia. Mimi huvuta pumzi, nikajikuta tena mtoto wa miaka kumi wa Kambi Muru, mtaa wa Kibera, kifurushi kwapani na uongo tayari mdomoni.

Wakati huo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, baba yangu alikuwa fundi wa injini za mvuke katika karakana ya reli. Treni zilizopita Kibera alizijua kwa sauti. Hata akinywa chai angesema, "Hiyo valvu yake inavuja," kisha akaendelea kunywa. Mama alilalamika kwamba yeye angekohoa wiki nzima na Baba asisikie.

Juu ya kabati letu kilikaa kichwa cha treni kidogo cha shaba, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Baba alikiunda mwenyewe kwa vipande vya mabaki, jioni baada ya jioni, mwaka mzima. Magurudumu yalizunguka, vyuma vya pembeni vikaenda mbele na nyuma, na bomba la moshi alikuwa amelisugua hadi ukijitazama unaona pua tu. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa mimi, nami ni kwa kukipangusa vumbi kila Ijumaa. Cheo hicho nilikibeba kwa maringo, msinicheke.

Kisha dizeli zikaja. Injini za mvuke zikaanza kuondolewa moja moja, na mafundi wakaambiwa waandikishe majina kwa mafunzo mapya. Baba hakuandikisha. Jioni moja nikamsikia Mama akimwuliza, sauti ikiwa karibu na kilio.

"Baba Zena, kwani unangoja nini? Wenzako wote wameandika."

"Mimi ni mtu wa mvuke," Baba akajibu. "Wamesema atakayebaki na mvuke ataondoka na mvuke. Basi nitaondoka."

Atakayebaki na mvuke! Na sisi tulikuwa nao, juu ya kabati, mgeni yeyote auone. Nikatambua kwamba kile kichwa cha shaba ndicho kitakachomfukuzisha Baba kazi, na kwamba watu wazima, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawakuwa wameliona hilo.

Dawa niliijua. Kule Kawangware kulikuwa na fundi bati, Mzee Kimani. Ulimpelekea karai lililochakaa au sufuria iliyotoboka, akaipokea, na wewe ukarudi nyumbani na jiko au taa. Mama alikuwa amenipeleka huko mara mbili. Sasa kama karai linaweza kugeuka jiko, kwa nini mvuke usigeuke dizeli? Jumamosi, Baba akiwa kazini, niliifunga treni kwa leso ya Mama, nikapita Ayany, nikavuka barabara ya Ngong.

Mzee Kimani alifungua leso. Akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Wee msichana, hii kitu umetoa wapi?"

"Ni ya babangu. Anataka dizeli."

"Amekutuma?"

"Ee," nikasema, bila hata kupepesa macho.

Alinionya kwamba hii ni shaba na yeye ana bati tu, kwa hivyo nitakuwa nimepunjika. Nikamwambia haidhuru, bora iwe dizeli. Basi akachukua debe la mafuta ya kupikia, akakata, akakunja, akalehemu, nami nimechuchumaa karibu nikivuta ile harufu. Kilichotoka kilikuwa kisanduku chenye madirisha, magurudumu yake vifuniko vya chupa. Niliona sijawahi kushika kitu kizuri kama hicho.

Nyumbani Mama alitazama juu ya kabati akashika kichwa. "Zena! Umeniua leo!" Hajamaliza, Baba akaingia na ovaroli yake ya kazi. Nikaweka dizeli mezani nikasema haraka, kabla fimbo haijatafutwa:

"Nimeibadilisha, Baba. Sasa hatuna mvuke tena. Hawatakufukuza."

Baba akakaa. Akaigeuza ile dizeli, akaichungulia chini.

"Haina bomba la moshi," akasema mwishowe.

"Dizeli haihitaji," nikamwelimisha.

Alicheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukabaki na michirizi myeusi. Mimi nilidhani machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Kesho yake tulikwenda naye Kawangware. Mzee Kimani akaitoa treni chini ya magunia, nzima, haina hata mkwaruzo. "Nilijua mwenyewe atakuja," akasema. Baba akaisukuma kidogo juu ya benchi, akaisikiliza, kisha akamrudishia.

"Kaa nayo, mzee. Mtoto amefanya biashara, siwezi kuivunja."

Jumatatu akaandikisha jina. Akaja na kitabu cha dizeli cha Kiingereza, na kila jioni akanikalisha mezani. "Nisomee, Zena. Macho yangu siku hizi mabaya." Nilisoma kwa kujikwaa, silabi kwa silabi, naye akifuata kwa kidole. Nilimwonea huruma sana. Nilipomwambia Mama amtafutie miwani, aligeuka akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Mtihani wa kwanza Baba alianguka, wa pili akapita, na akatengeneza dizeli hadi alipostaafu.

Baba alikuwa ameshafariki nilipokuwa mwalimu wa gumbaru, lile darasa la watu wazima, huko Riruta. Siku moja seremala mmoja alisukuma kitabu chake mbele yangu. "Nisomee wewe, mwalimu. Macho yangu leo mabaya." Na dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimemwona akimtungia jirani yake uzi kwenye sindano, mara moja tu, bila hata kukunja uso.

Nikabaki nimesimama. Baba yangu alikuwa akiona ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma chenye masizi. Macho yake hayakuwa na kasoro hata siku moja. Wala hakuupenda mvuke kiasi cha kuacha watoto walale njaa. Aliogopa kitabu. Akakubali mtoto wake amwonee huruma kwa macho yake, kwa sababu hilo aliweza kulivumilia, na jioni hizo zote nilikuwa nikimfundisha kusoma bila kujua. Nilimpenda upya palepale, mbele ya wanafunzi wangu, hata nikafungua kile kitabu cha seremala nikashindwa kukisoma.