Makofi ya Shangazi Ndani ya Kinanda

Umewahi kuona mtu akifanyiwa interview na shangazi wa bibi harusi? Mimi nimeona, hapa Garissa, kwenye duka la kaseti, nikitoka kuambiwa "no vacancy" yangu ya kila wiki.

Mpiga kinanda, mkimbizi kutoka Dadaab, alitaka kazi ya harusi ya siku hiyo. Akabonyeza ngoma zilizokuja na kinanda kutoka kiwandani. Shangazi akakunja uso.

"Hii ni redio. Sisi nacheza na makofi."

Jamaa akamsogezea maikrofoni, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Eeddo, biga kofi."

Akapiga. Kinanda kikalinasa kofi, kikalirudisha. Shangazi hakutabasamu.

"Hiyo ni mtu moja. Harusi ya mtu moja iko wapi?"

Jamaa akalipanga kofi lilelile tabaka tatu: moja zito, moja jembamba, moja likichelewa kidogo, na ngoma chini yake. Duka likajaa wanawake wasioonekana. Shangazi akakaza mtandio, mabega yakaanza kucheza.

"Wallahi, hata dada zangu wako ndani. Kuja saa kumi."

Jamaa hakuulizwa cheti. Aliachiwa akosee, akarekebisha palepale.

Wakubwa wa ajira, fungeni hayo mafaili. Nipeni kazi siku moja tu, nikiharibu mnifukuze.