Mtumishi Aliyejaa Matope

Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule ya shamba karibu na Kitale, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, sikuweza kukaa kitini. Nilizunguka darasani kama mtu aliyepotelewa na funguo. Walimu wenzangu walidhani ni bidii, kumbe ni hofu. Baba yangu, mzee wa kanisa kule Bungoma, alinipeleka hospitali nikatahiriwa kwa sindano ya ganzi. Sikuwahi kupakwa matope ya mtoni kama vijana wengine wa Kibukusu wanavyopakwa alfajiri ya kukatwa. Kwetu mtu wa hospitali alihesabiwa nusu mtu. Nilificha jambo hilo kwa nguvu zangu zote, na darasani mwangu mlikuwa na vijana wakubwa, watoto wa vibarua, waliokuwa wakingoja zamu yao mwezi wa nane.

Siku moja tukasoma hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu harusi ya tajiri. Bibi harusi amevaa nyeupe, mama mkwe ana shali nyekundu, na mtumishi mmoja anakatiza uani amejaa matope meusi toka utosini hadi miguuni. Hatajwi tena. Kitabu kiliuliza maana ya rangi hizo. Nyeupe na nyekundu walizimaliza haraka. Kwenye matope wakagombana, tena kwa Kiswahili.

"Ni uchafu," akasema msichana ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Nyeri. "Ni maskini tu, tumwonee huruma."

Kijana wa nyuma, mrefu kuliko mimi, akasimama bila kuitwa. "Hapana, mwarimu. Huyo ndio mkubwa kwa hiyo boma yote. Ametoka mtoni. Kesho yeye si mtumishi tena."

"Nionyeshe kwenye hadithi," nikamwambia.

"Si anapita katikati ya watu, na haongei? Hata bibi harusi anageuka kumwangalia. Mtu ako na aibu angepitia nyuma ya jikoni."

Lo, nilifurahi! Alikuwa amesoma vizuri kuliko kitabu chenyewe. Ningenyamaza hapo, lakini mdomo wangu haujui breki. "Vizuri sana," nikasema, "ila mwandishi hakuzijua mila zetu."

"Zetu?" Akanitazama. "Kwani wewe ulipakwa, mwarimu?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Sijui kwa nini niliumeza. "Hapana. Nilipelekwa hospitali."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mwezi wa nane ukafika. Kijana yule akawa anazunguka na njuga zake, akiwaalika watu, kama desturi ilivyo. Nilimsikia akija upande wa nyumba za walimu, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliomba apite, na niliomba asipite. Akabisha mlangoni kwangu.

"Mwarimu, kuja uone. Lakini wewe hapana simama mbele na wazee. Mama atakuonyesha mahali."

Nilikwenda. Kulipokucha wakamleta kutoka mtoni, mweusi kwa matope, akasimama wima mbele ya ngariba, na kisu kilipopita hakupepesa hata jicho. Wanaume wakapaza sauti za kumsifu. Nilimwonea fahari, na nilimwonea wivu. Shangazi yake mmoja akajisogeza kando, akanishika mkono kwa upole.

"Simama hapa kwetu, mwanangu," akasema. "Hapa kwa wanawake iko nafasi."