Namba Mia na Kumi na Saba

Kuna watu mtaani kwetu ambao hawajui jina nililobatizwa, lakini wote, hata wale waliohamia mwaka huu, wanaijua namba yangu, na nikipita mbele ya duka la mkate asubuhi nasikia sauti ikisema, «Mia na kumi na saba, mwamukaje?», nami naitikia, kwa sababu mtu aliyejiandikia aibu yake kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu ya mafuta, juu ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, hana tena haki ya kuchagua aitweje.

Nianze mahali panapostahili. Mwaka ule bei ya kobalti iliporomoka, na kampuni ndogo niliyoifanyia kazi, iliyokuwa ikitumwa na wenye machimbo kuzungumza na familia za kuhamishwa, ilifunga mlango wake siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa karatasi moja iliyobandikwa getini. Tulirudisha kofia ngumu, fulana zenye mistari inayong'aa na beji, tukatoka nje tukiwa watu wa kawaida. (Niseme ukweli mapema ili usinifikirie makubwa: katika kazi ile mimi nilikaa ofisini nikipanga orodha za majina. Wenzangu ndio waliokuwa wakienda kwenye mitaa kupima nyumba na kuandika namba ukutani. Sikuwahi kushika brashi hata siku moja.)

Nilikaa nyumbani miezi minane. Mtaani waliniita Lisansie, kwa ajili ya digrii yangu ya chuo kikuu, na mwanzoni jina hilo lilikuwa heshima. Kufikia mwezi wa sita lilikuwa limeanza kuwa swali.

Ndipo Patrice, mwenzangu tuliyefukuzwa naye siku moja, akanipigia simu kutoka Lubumbashi. Yeye alikuwa amepata kazi kupitia ule mtandao ambao watu wa kazi huweka picha zao na sifa zao ili waajiri wawaone.

«Yaya,» akaniambia, kama tunavyowaita kwetu ndugu wakubwa, «weye uko unajificha sana. Mutu hakuone, atakuita namna gani? Tia foto. Lakini hapana foto ya misa, na ile koti! Tia foto ya kazi, uko inje, uko na manyumba nyuma yako.»

Nilifikiri juu ya maneno hayo siku mbili, kwa maana mimi ni mtu wa kufikiri (na huo ndio msiba wangu: mpumbavu hufanya upumbavu wake haraka, msomi huupangia ratiba). Kofia niliinunua sokoni, ya njano, yenye ufa upande wa kushoto, nikaamua kupigwa picha upande wa kulia. Fulana niliiazima kwa jirani yangu Muteba, mwashi, tunayegawana naye ukuta. Kilichobaki ni nyumba yenye namba, na katika mtaa wetu, namshukuru Mungu, haikuwepo hata moja.

Hapa lazima nieleze, kwa asiyekaa Kolwezi. Mtaa wetu uko nyuma ya kilima cha mabaki ya machimbo, na mtaa uliokuwa upande wa pili wa kilima hicho haupo tena. Kwanza walikuja watu wenye fulana wakaandika namba nyekundu kwenye kuta, kisha zikapita wiki kadhaa, fidia ikalipwa kwa kila chumba na kila mti, kisha zikaja mashine. Kwa hiyo kwetu namba nyekundu ukutani si pambo, ni tangazo ambalo hata asiyejua kusoma analisoma. Nami nililijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu orodha za mtaa ule nilizipanga mimi.

Hata hivyo nilichukua kopo la rangi iliyobaki tulipopaka geti, nikaandika kwenye ukuta wa mbele, kwa sababu asubuhi jua hupiga hapo vizuri. Nilianza kuandika namba moja, nikasita, nikaona kwamba namba moja itaonyesha mtu ambaye kazi yake ndiyo kwanza inaanza, hali mia na kumi na saba inaonyesha mtaalamu aliyekwisha kufanya mengi. Basi nikaandika 117, na chini yake mstari, kwa unadhifu.

Mke wangu Odette alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

«Baba Josée, ile kitu unaandika pa ukuta wetu ni nini?»

«Ni ya picha tu.»

«Ya picha. Na bantu bakipita, utabaambia moja moja ni ya picha?»

«Nitaifuta mchana.»

Alinipiga picha nne kwa simu, mwiko ukiwa kwapani. Nikachagua ile ambayo tumbo halionekani, nikaiweka mtandaoni na maneno ya Kifaransa kizuri, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: «Leo kazini, pamoja na jamii. Kuhamisha familia kwa heshima ni wito.» Wito! Miezi minane sikuwa nimehamisha hata kiti.

Kabla ya saa sita jibu likaja. Bibi mmoja, mkuu wa idara katika kampuni kubwa, aliandika kwamba anatafuta mtu wa aina yangu hasa, kwamba yuko Kolwezi hadi kesho, na kama sitaona vibaya, angependa kupita saa nne asubuhi kuiona kazi hiyo mahali pake. Nilisoma ujumbe huo nimesimama, kisha nikausoma nimekaa. Nikamwelekeza njia, nikamalizia: «Karibu sana, Madame.» Na kwa kuwa alitaka kuona, namba haikufutwa mchana. Nilivaa shati, nikaenda mjini kunyolewa.

Niliporudi jioni, barabara yetu ilikuwa na watu kama siku ya harusi. Picha yangu ilikuwa imefika kabla yangu, simu kwa simu. Muteba alinipokea kwa mikono miwili.

«Ee, Lisansie! Kazi inarudia na unanyamaza? Mi jirani yako, ukuta kwa ukuta, napata habari mu telefone ya bengine? Na fulana ni yangu!»

«Muteba, ngoja nikueleze...»

«Hapana eleza. Sema kitu kimoja tu: kama weye uko mia na kumi na saba, mi niko ngapi?»

Watu wakacheka, lakini walikuwa wakingoja jibu. Wote walikuwa wamekwisha kuafikiana: kama nyumba ya afisa mwenyewe imeandikwa, basi habari ni ya kweli, na zile mia na kumi na sita za kwanza ziko mahali fulani, zimewatangulia. Mama mmoja aliniomba nisisahau jiko lake la nje, kwa maana nalo lina kuta. Mwingine alitaka kujua kama miche ya avoka iliyopandwa leo itahesabiwa kuwa miti. Nao walinisalimu kwa heshima ambayo sikuwa nimeipata tangu siku ya ile karatasi ya getini. Walisema «Tata Lisansie», yaani Baba, walinipisha njia, mtu mmoja alinifutia kiti.

Ingetosha kusema maneno matatu: «Ni uongo wangu.» Nilisema neno moja tu, nalo ndilo linaloniamsha hadi leo. Nilisema: «Tutaona.»

Ndani, Odette aliniwekea chakula, akanitazama nikila. «Baambie,» alisema. Nikamjibu kwamba kesho, Madame akishaondoka, nitawaambia wote kwa utaratibu. «Kwa utaratibu,» alirudia, akaondoa sahani kabla sijamaliza.

Asubuhi mawingu yalikuwa yamejaa juu ya kilima, ya kijivu kizito, ya mvua ya kweli ya msimu. Nilitoka nimevaa kofia yangu, upande wa kulia mbele. Muteba alikuwa amepandisha ukuta wa chumba kipya hadi kimo cha kifua, na juu ya nyumba yake alikuwa amejiandikia, kwa herufi kubwa za mkaa, namba moja. Nyumba ya pili ilikuwa mia na kumi na nane. Ya tatu pia ilikuwa mia na kumi na nane, na wenye nyumba hizo mbili walikuwa wakibishana barabarani.

Kisha nikaiona nyumba ya Mama Ngalula.

Mama Ngalula ni mjane, nyumba yake inatazamana na yetu. Wazee wake waliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kufanya kazi ya machimbo, yeye alizaliwa hapa, na nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, wakati ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, nilimwona akipita mbele ya geti letu na mumewe, godoro kichwani, kuelekea stesheni. Sisi tulisimama getini tukatazama. Walirudi baada ya miaka, wakajenga upya, na hakuwahi kututajia habari hiyo.

Nyumba yake haikuwa na paa. Wakwe zake wawili walikuwa wameanza kazi alfajiri. Mabati yote yalikuwa chini, yamepangwa na kufungwa kwa kamba, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa barabarani juu ya furushi la vitenge, amevaa nguo zake za kanisani.

Wakati huohuo gari jeupe likasimama, akashuka Madame, mwanamke wa makamo, mpole, daftari mkononi. Alitazama namba yangu, akatazama herufi za mkaa za Muteba, akatazama zile mia na kumi na nane mbili.

«Bwana,» aliniuliza, «huu ni mradi wa nani?»

Mama Ngalula alikuwa amekwisha kusimama, akatufikia, akaligusa gari kwa kiganja.

«Tata Lisansie, gari yenu njo hii? Mi niko tayari.»

«Mama, kwa nini umetoa mabati?»

«Mwana wangu, ile mara banatuambia mutaenda, na shiye tulisema, aa, ni maneno tu. Tulifika ku stesheni mikono mitupu. Kurudia, nakuta nyumba iko inaangalia mbingu. Hii mara nabeba mabati yangu kwanza.» Kisha akaniuliza polepole, kama anayeuliza habari za wagonjwa: «Banatupeleka wapi?»

Kazi yangu ilikuwa imesimama upande wangu wa kulia, na daftari mkononi. Nilivua ile kofia.

«Hakuna mahali, Mama. Hakuna mradi. Namba ile niliiandika mimi, kwa ajili ya picha, ili nipate kazi. Hakuna atakayehama.» Na kwa kuwa watu wa nyuma hawakusikia, ilinibidi niseme tena, kwa sauti kubwa, na mara ya tatu kwa ajili ya Muteba, aliyekuwa juu ya ukuta wake na mwiko wa saruji.

Kisha Muteba akasema kutoka juu: «Basi iyi chumba nitatia nani?»

Walicheka, nashukuru walicheka, ingawa wengine walinitukania wazee wangu hadi kizazi cha tatu. Mama Ngalula hakucheka. Alitazama mawingu, akasema: «Misumari iko mu kopo.»

Madame alifunga daftari lake. «Nilikuwa natafuta mtu anayezungumza na watu kabla namba haijaandikwa,» alisema, bila ukali. Alinipa mkono (nilitamani asingenipa), akapanda gari, akaenda.

Nami nikapanda paa. Muteba na wale wakwe wawili walinipokeza mabati, na mvua ilitukuta tumebakiza mabati manne. Nilirudisha kofia kichwani, maji yakaingia kwenye ufa, na chini Mama Ngalula, chini ya mwavuli wa Odette, alisimamia kazi: «Misumari mbili kila pembeni, Lisansie! Uko unapigilia ama uko unabembeleza?»

Muteba, ambaye fulana yake ndiyo niliyoivaa, alinipiga picha nikiwa nimekumbatia mbao za paa, tumbo lote nje, akaiweka mtandaoni akaandika: «Mia na kumi na saba, leo kazini, pamoja na jamii.» Picha hiyo ilipendwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichoandika katika maisha yangu ya usomi. Patrice alipiga simu akicheka hadi akakohoa: «Yaya, sasa njo tunakuona!» Na kwa wiki nzima simu yangu ililia, kila mara ni mtu anayeuliza kama naweza pia kupita kwake, bati lake linavuja.

Ile picha ya kwanza niliifuta siku ileile. Tangu hapo sijaweka neno mtandaoni ambalo sikuweza kwanza kumsomea Mama Ngalula uso kwa uso, na kwa sababu hiyo ukurasa wangu ni mtupu.

Namba yenyewe ni jambo jingine. Nimeipaka chokaa mara tatu, lakini rangi ya mafuta ina ukaidi wake, na kila mvua ikipiga ukuta, mia na kumi na saba inarudi, ya waridi, kama haya usoni. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya mlango wa Mama Ngalula, lile furushi la vitenge bado limefungwa. Nilimuuliza Jumapili iliyopita, baada ya misa, atalifungua lini.

«Weye futa kwanza,» alinijibu, «mi niko naangalia.»

Nimenunua kopo jingine la chokaa.