Mpishi wa Litein na Maziwa ya Kutafuna

Saa moja kasoro asubuhi, katika kituo cha kupimia majani nje kidogo ya mji wa Litein, vikapu vya chai vimepanga foleni ndefu kuliko ya wenyewe. Lori halijafika. Hakuna anayeshangaa. Barabara hii imeahidiwa lami na wakubwa watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu siku hizi hupita kwingine.

Wanaongoja hawaumii sana na baridi, kwa sababu Bethwel Kipkurui ameshachemsha chai.

Bethwel, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ana kibanda cha mabati kando ya mizani. Kikombe ni shilingi tano, na andazi juu yake ni shilingi mbili. Alikuwa mpishi wa jeshi kabla ya kustaafu mwaka juzi, na bado hukoroga sufuria kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka nyuma ya mgongo kama mtu anayekaguliwa.

Lakini leo anamwaga nje ya kikombe. Kila akimimina, jicho linakimbilia kibuyu kilichoning'inia nyuma ya mlango.

"Afande, hii chai unapea mimi ama unapea meza?" anauliza Joab Otiende, karani wa mizani, akivuta suruali yake mbali na mkondo unaoteremka.

"Kunywa yenye iko kwa kikombe, Otiende. Ya meza nitakunywa mwenyewe."

"Fungua basi tuonje hiyo kibuyu. Kama imeharibika tujue mapema, tununulie huyo mgeni wako soda."

"Kibuyu ya mgeni haionjwi."

Ndani ya kibuyu hicho mna mursik, maziwa yaliyolala siku kadhaa mpaka yakaganda, katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mkaa ukisagwa vizuri, maziwa hugeuka rangi ya wingu la mvua na kuteleza kooni. Ukisagwa vibaya, unywaji unakuwa kazi ya meno.

Kwa Wakipsigis kazi ya kibuyu ni ya mwanamke. Wachuma chai wanaopita kibandani humcheka Bethwel wakimkuta ameinama na ufito wake, anasugua. Yeye hukubali kuchekwa. Mke wake, Rael, alifariki mwaka 1993, na kibuyu hiki ndicho alichomfungia safarini.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kroatia. Nchi hiyo ya Ulaya ilikuwa imefanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1990. Kabla wino haujatoka vidoleni, jeshi kutoka nchi jirani likaingia na vifaru, na vijiji vikaanza kuungua. Umoja wa Mataifa ukatuma askari wa amani wa kofia za buluu kutoka pembe zote za dunia, na Kenya nayo ikatuma kikosi. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo Bethwel na masufuria yake.

"Wengine walikuja na magari ya chuma," anasema. "Sisi tulikuja na sukuma wiki ya mkebe. Lakini watu wa huko walitupenda, kwa sababu sisi tunasalimia."

Hasemi yote kwa kicheko. "Nililinda kura ya wengine, na hapa nyumbani mwaka ule wa tisini na mbili yangu sikupiga. Tena redio inasema huku kwetu, mpaka wa Sotik, watu wanachomeana nyumba. Yaani nimetumwa ng'ambo kuzima moto, na kwangu kunawaka. Walionituma walikuwa wapi? Walikuwa wamekaa, wanakunywa chai yetu."

Karibu na kambi yao aliishi mjane aitwaye Anka. Mumewe aliuawa vita vilipoanza. Alibaki na nyumba ya mawe iliyotobolewa paa, miti michache ya matunda ya plamu, ng'ombe mmoja na nguruwe mmoja. Bethwel alikuwa akinunua maziwa kwake, na siku moja akaona si haki maziwa mazuri hivyo yaishie kwenye chai. Akatoa kibuyu cha Rael ndani ya begi.

Senetwet haioti Kroatia. Bethwel akachoma tawi la plamu, akasugua kibuyu kwa namna alivyokumbuka kumwona mkewe akifanya, kisha akaomba kukiweka kando ya jiko la Anka, maana nje kila kitu kilikuwa barafu. Siku ya tatu mama yule akachungulia ndani. Akaona mambo meusi. Akammwagia nguruwe wake maziwa yote.

"Nilifika nikakuta nguruwe anajiramba," anasimulia Bethwel. "Nilimwambia huyo mama maneno ya Kipsigis yenye sitarudia. Na yeye akaniambia ya kwao. Kwa bahati hakuna aliyesikia mwenzake."

Walinuniana. Kisha ikaja habari ya Rael. Alikuwa ameugua usiku mmoja wa mvua, na gari lililomchukua kwenda hospitali likakwama kwenye matope ya barabara ileile ya ahadi. Habari ilifika kwa wakubwa wa kikosi upesi, lakini ikalala mezani mwao. Bethwel alipoambiwa, mkewe alikuwa ameshazikwa.

"Mkubwa aliniambia pole, kisha akauliza chakula cha mchana ni nini," anasema.

Jioni hiyo Anka alikuja kwenye lango la kambi na bakuli. Ndani mlikuwa na maziwa ya mgando ya ng'ombe wake, na juu yake vipande vya mkaa wa plamu, vikubwa kama maharagwe. Alikuwa amejaribu kutengeneza kile alichokimwaga. Askari wa zamu akacheka, lakini Bethwel hakucheka. Aliketi chini palepale, akanywa na kutafuna mpaka bakuli likaisha, na Anka akasimama kando yake.

"Meno yangu yalikuwa meusi siku mbili," anasema. "Lakini huyo ndiye alinifanyia matanga. Serikali mbili zilikuwako, na Umoja wa Mataifa wote. Ni yeye tu alikuja."

Mwaka huu binti yake Anka, ambaye ni sista wa Kikatoliki, alitumwa kufanya kazi katika zahanati ya misheni upande wa Siongiroi. Alipofika sokoni aliuliza watu kama wanamjua mwanajeshi anayetia makaa kwenye maziwa.

"Sista," akajibiwa na muuza ng'ombe, "hapo umetaja wilaya nzima."

Wakacheka hadi mmoja akakumbuka mpishi wa Litein. Sasa Anka mwenyewe amekuja kumtembelea bintiye, na leo anapita kumwona Bethwel. Ndiyo maana chai inamwagika. Bethwel anataka, mara moja tu maishani, ampe mama huyo maziwa yaliyotengenezwa sawasawa, kutoka kibuyu cha Rael.

Kizuizi ni chifu. Aliposikia kuna mgeni wa ng'ambo, alitengeneza ratiba. Kuna hema, kuna keki, kuna wasemaji saba. Bethwel hayumo.

"Mgeni wa kimataifa hawezi kupewa masizi mbele ya watu," chifu alimwambia juzi. "Wewe kaa na raia. Baadaye utasalimia, kama saa itaruhusu."

Saa saba mchana hema limejaa. Mzungumzaji wa nne anaeleza jinsi uongozi bora ulivyoleta maendeleo. Anka, bibi mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani, ameketi katikati na chupa ya soda ambayo hajaigusa. Bethwel amesimama nyuma kabisa, kabuti la jeshi limefura tumboni kwa sababu ya kibuyu.

"Afande, umekuwa mja mzito lini?" ananong'ona Otiende.

"Nyamaza, Jaluo. Nikitikiswa itafoka."

Anka anamvuta bintiye mkono na kusema kitu. Sista anasimama katikati ya hotuba.

"Samahani, chifu. Mama anauliza, yule wa makaa yuko wapi?"

Watu wanaangua kicheko. Otiende anamsukuma Bethwel mgongoni, kina mama wanampisha, na kabla chifu hajapata kifungu cha ratiba kinachohusu jambo hilo, mpishi amefika mbele. Anka anamtazama kuanzia viatu hadi kofia. Kisha anamshika mashavu kwa mikono miwili, kama mtu anayekagua boga sokoni.

Bethwel anafungua kibuyu. Harufu inatoka, nzito na ya moshi, na wazee wa safu ya mbele wanatikisa vichwa kukubali. Anamimina. Maziwa yanateremka polepole, kijivu na laini. Hata chifu anarefusha shingo.

Anka anakunywa. Anakunywa tena. Halafu anaanza kusogeza taya, kulia na kushoto, kwa bidii, kama ng'ombe anayecheua. Anasema neno kwa bintiye, uso mkavu.

"Mama anasema ni mazuri sana," sista anatafsiri, akijikaza asicheke. "Lakini umemdanganya. Hakuna cha kutafuna."

Bethwel anacheka mpaka anashika nguzo ya hema. Anacheka huku machozi yanamtoka, na hayafuti. Wasemaji watatu waliobaki hawakusema, na hakuna aliyewadai.

Kabla ya kuondoka, Anka alimpa kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na kokwa za plamu za miti ile ile. Sasa miezi imepita. Bethwel alizipanda nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la Rael, na binti yake Cheptoo amezungushia miiba kuku wasifukue. Mbili zimeshachipua.

Mipango yake ni mifupi. Anataka kuongeza ng'ombe mmoja, na anataka barabara, ingawa hilo amemwachia Mungu kwa kuwa wanadamu ameshawajaribu. Plamu zikikomaa atakata tawi moja na kulichoma. Atasugua kibuyu, atie maziwa, aombe sista amfikishie Anka.

"Huo mkaa sitausaga," anasema, akiinua sufuria kwa sababu lori limesikika likikoroma mlimani. "Nitavunja vipande vikubwa kama maharagwe. Sista amwambie akae na meno yake, kibuyu inakuja."