Rota ya Gari la Kaka

Katika karakana ya mabasi alikofanya kazi miaka thelathini na sita, hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina lake. Alikuwa Dizeli, basi. Alistaafu na magoti mabovu, masikio mazito kidogo, na imani moja aliyoishika kama dini: injini ya petroli ni kitu cha kuchezea, kwa sababu injini yenye akili, ya dizeli, haihitaji cheche ya umeme ili iwake. Imani hiyo tuiweke akilini, maana ndiyo iliyokuja kumwaibisha.

Alikuwa na kaka mmoja, mpima ardhi, mtu wa kunyoosha mambo. Kitambaa cha meza kikikaa upande, hali chakula mpaka akiweke sawa. Anasa yake ilikuwa moja tu maishani: gari la spoti, jekundu, viti viwili, paa la turubai, alilolinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama.

Miaka ishirini na minne iliyopita, kaka akiwa safarini kikazi, Dizeli alichukua ufunguo bila ruhusa akaenda na gari hilo harusini kujionyesha. Wakati wa kurudi akagonga kalvati, madigadi ya kushoto ikakunjamana. Akaliegesha palepale pake, upande ulioumia ukitazama ukuta, akaurudisha ufunguo msumarini, akanyamaza. Kaka alipogundua na kuuliza, Dizeli akasema labda ni kijana wa jirani, si anajifunza kuendesha lori la baba yake hapo langoni? Kaka akaenda kwa jirani akafoka. Njia ya mwongo ni fupi: wiki haikuisha, mtu mmoja aliyekuwa harusini akampongeza kaka kwa kuwa na mdogo anayeendesha kwa mbwembwe.

"Bati litanyooshwa," kaka alimwambia. "Lakini umenifanya nimkosee jirani yangu mbele ya mwanawe."

Hapo neno moja lingetosha. Dizeli, badala ya kulisema, akasema kwamba kwa kaka bati lina thamani kuliko ndugu, akabamiza mlango akaenda zake. Tangu siku hiyo walikutana misibani tu, wakaulizana hali kama watu waliopanga foleni moja. Gari likanyooshwa, likapandishwa juu ya matofali, likafunikwa na kufungiwa bandani nyuma ya nyumba.

Mwaka huu shemeji yake, mke wa kaka, alimpigia simu.

"Shemeji, njoo. Kaka yako anatutoka, na mwili wake upo hapo kitini. Jana ameniuliza mimi ni mgeni wa nani."

Dizeli alikwenda siku hiyohiyo. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, lakini alipofika akamkuta kaka amesinzia, mdomo wazi, shati limefungwa vifungo kombo. Kaka yule, vifungo kombo! Badala ya maneno yale, akajisikia akimwambia shemeji, "Niruhusu nilifufue lile gari."

Ona mambo ya wanaume. Mtu ameshindwa kusema neno moja, akaomba kazi ya wiki sita. Lakini alikuwa na hesabu yake. Angeliwasha gari, angemketisha kaka ndani, na mlio ule ungemrudisha mzee japo kwa dakika tano. Katika dakika hizo angemwomba radhi. Radhi huombwa kwa mtu anayelikumbuka kosa, na kaka akishalisahau, Dizeli angebaki nalo peke yake mpaka kaburini. Jambo hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Akaanza. Kila asubuhi alipita lango la nyuma, akavaa ovaroli, akaingia bandani. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo chini ya dashibodi, panya wamezalia ndani ya kiti cha abiria. Alifungua plagi zote, akamimina oili mitunguni mwa injini, akaiacha siku tatu ilegeze pistoni zilizoshikana. Siku ya nne akatia spana kwenye puli ya mkanda na kusukuma kwa mikono miwili. Injini ikagoma, akaitukana, akaibembeleza, mwishowe ikasogea upana wa ukucha. Tangi alilijaza kokoto ndogo za kung'oa kutu na kulitikisa mpaka mgongo ukalia. Kabureta aliifungua na kuitandaza juu ya gazeti, akaisafisha kijitundu kwa kijitundu.

Kaka alikuwa akiketishwa mlango wa jikoni, akitazama.

"Fundi," aliita siku ya kwanza, "utaliweza hilo?"

Dizeli alidhani anataniwa. Akageuka akicheka, akakutana na macho ya adabu, macho ambayo mtu humtazama nayo asiyemjua. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Nitaliweza, mzee," alijibu.

"Lishike taratibu. Mdogo wangu aliliumiza sana. Kijana mzuri yule, lakini mwongo."

Akainamia injini haraka, akajifanya anatafuta nati.

Wiki ya sita akafunga betri mpya na kuwasha. Injini ikazunguka vizuri, lakini haikushika. Akalaumu petroli, akalaumu pampu, akakifungua tena alichokwisha kukifunga. Siku ya tatu, akiwa ameloa jasho, ndipo alipokumbuka kwamba petroli hutaka cheche. Akafungua kifuniko cha distributa. Ndani hamkuwa na rota, kile kidude cheusi kama kidole gumba kinachozunguka na kugawia kila plagi umeme wake. Mtu akikitoa na kukitia mfukoni, hata mwizi hodari ataondoka kwa miguu.

"Wiki sita zote, shemeji, hukufunua hapo?" shemeji alimwuliza.

"Mabasi hayana kitu hicho."

"Na nyie ndio mafundi!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza Dizeli kumwona akicheka tangu aje, kwa hiyo akaimeza aibu yake bila kulalamika.

Madukani rota ya namna hiyo haikupatikana. Aliyoipata ya teksi kuukuu ilikuwa ndefu, kifuniko hakikufunga. Akamwendea kaka pale mlangoni, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee, kuna kidude kimetolewa kwenye gari. Unajua kilipo?"

Kaka akatabasamu, akakipapasa kifuko cha ngozi cha dira yake ya kazi, kile ambacho hakuachana nacho hata kitandani. "Ninacho hapa."

"Nipe nikakifunge."

"Si chako, fundi. Nimemwekea mdogo wangu. Siku atakayokuja akasema kosa lake, nitampa mkononi, aende akaliendeshe apendavyo. Unadhani kwa nini sijaliuza miaka yote hii?"

Miaka ishirini na minne Dizeli alidhani amefungiwa mlango, kumbe ufunguo wa kumfungulia ulikuwa ukimngoja ndani ya kifuko kile.

"Kaka, ni mimi," alisema. "Nitazame. Ni mimi mdogo wako."

Kaka akamtazama zile mvi, ule uso uliokunjamana, mikono myeusi kwa grisi. Akakikumbatia kifuko kifuani. "Mdogo wangu hana mvi. Mama nanii! Njoo, huyu fundi anataka kuniibia!"

Shemeji alikuja mbio, akamtuliza, akamwashiria Dizeli aondoke. Dizeli aliondoka akilia barabarani mchana kweupe, mzee mzima, na watu wakimpisha.

Kesho yake akajaribu njia nyingine. Akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. "Mzee, mdogo wako amenituma. Anasema anakuomba radhi."

Kaka akafikiri. "Radhi haina tarishi," alisema kwa upole. "Mwambie aje mwenyewe. Sina ubaya naye. Ila aje."

Usiku ule Dizeli hakulala. Kulipopambazuka akalitambua jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Wiki zote hizo aliingilia lango la nyuma na kuvaa ovaroli. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi, lakini ukweli ni kwamba aliuogopa mlango wa mbele, mlango alioubamiza mwenyewe. Kaka alimwita fundi kwa sababu ni fundi peke yake aliyekuwa akija.

Akanyoa ndevu na mvi zote za kichwani. Akasugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka ikawasha, akavaa shati jeupe. Alipofika mlango wa mbele akapiga moyo konde.

"Hodi!"

Shemeji alifungua, akamtazama juu mpaka chini, akaelewa. Akampisha. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, dirishani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Ni mimi niliyeligonga gari. Nikaliegesha ukutani ili usione. Nikamsingizia mtoto wa watu, nawe ukaaibika kwa jirani kwa ajili yangu. Nimekosa, kaka. Nisamehe."

Dizeli hakuthubutu kuinua macho.

"Umechelewa," kaka alisema.

"Nimechelewa."

"Basi, yameisha. Mbona umekonda hivyo?" Akafungua kifuko, akatoa kitambaa, akakifunua kidude kile na kukiweka katika kiganja cha Dizeli, akakifumba kiganja hicho kwa mikono yake miwili. "Kampe fundi, yuko nyuma. Lakini wewe usiguse chochote huko."

Dizeli alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Sigusi, kaka."

Akapita jikoni, akatoka uani, akavaa ovaroli juu ya shati jeupe. Akaifunga rota, akarudisha kifuniko, akaketi na kuwasha. Gari likakohoa, likatema moshi na manyoya ya panya, likanguruma. Ngurumo ile ikajaza banda, ikatikisa mabati.

Kaka alitokea mlangoni ameshikwa mkono na shemeji. Uso wake ulikuwa umefunguka, kijana kabisa. Akaliendea gari, akalaza kiganja juu ya boneti, akasikiliza. Kisha akaanza kuangaza huku na huku, bandani, uani, langoni.

"Yuko wapi mdogo wangu? Alikuwa hapa sasa hivi!" Akamshika Dizeli bega. "Amekuja, fundi, unajua? Amekuja mwenyewe. Kimbia umwite asikie hii, kabla hajafika mbali."

Shemeji aligeuza uso akajifuta kwa kanga. Dizeli akaiacha injini ikinguruma, akavua ovaroli, akazunguka nyumba mpaka mlango wa mbele, akapiga hodi.